Hulda na Mzinga wa Mahakamani

Mzinga ule wa shaba ulirudi kutoka vitani mzima kuliko watu wetu. Majimbo ya Kusini na ya Kaskazini yalipomaliza kuuana, serikali ikautoa kwa mji wetu hapa Ohio, ukawekwa mbele ya mahakama. Kila tarehe nne Julai, siku ya uhuru, wanaume waliufyatua, risasi hamna, baruti tupu, ili mji ujione shujaa.

Aliyeshindilia baruti alikuwa Lemuel, mume wa Hulda. Mtu akishindilia, lazima mwenzake azibe kwa kidole gumba lile tundu la kuwashia, hewa isije ikachochea cheche zilizobaki ndani. Mwaka mmoja mwenzake alikuwa amelewa. Shaba ilimchoma, akaondoa kidole. Baruti ikalipuka, ikaondoka na mikono yote miwili ya Lemuel. Kamati ya sherehe ikampelekea Hulda pai ya tufaha.

Tangu hapo alimlisha mumewe kwa kijiko, akamfunga vifungo, akafua nguo za watu ili wale. Mimi ni mhunzi, karakana yangu inatazamana na nyumba yao. Niliyaona yote.

Kisha kamati ikamchagua mwana wao, Orrin, ashindilie mahali pa baba yake.

"Ni heshima kwa familia, Bi Hulda," alisema Bwana Stannard, mwenyekiti.

"Na wako je?"

"Wangu yuko kwenye bendi, anapiga tarumbeta."

"Ahaa. Wako apulize, wangu alipuke."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaja kwangu.

"Jirani, nifulie msumari mgumu, wa kuingia kwenye tundu lile."

"Watakufunga, Mama Orrin."

"Wanifunge. Utanipa, au nitafute mwanamume?"

Mimi si msemaji. Niliufua, nikampa na nyundo juu yake.

Siku ya sherehe, bendi ikipiga, Hulda alipita katikati ya watu, akaupigilia msumari ukazama tunduni, akakivunja kichwa cha msumari usichomoleke tena. Ndivyo askari walivyoua mizinga ya adui.

"Mwehu wewe!" Stannard alifoka. "Umeharibu mzinga wa mashujaa!"

"Shujaa yuko nyumbani, anasubiri nikampanguse kamasi."

Orrin alimkimbilia, akamfikia mbele ya karakana yangu, uso umemwiva. "Umeniaibisha mbele ya mji mzima, Mama!"

Hulda akamgeukia.

"Una hasira? Nipige basi. Mikono si unayo?"