Masale ya Baba Mdogo

Juzi mjukuu wangu, anayetafuta habari za ukoo wetu, alinionyesha ramani ya zamani. Kihamba cha baba yangu, shamba la ukoo lenye nyumba yetu na migomba yake yote, kilifika hadi mferejini. Nikasikia tena harufu ya udongo uliochimbuliwa mchana ule. Tulikuwa tumetoka kumzika baba humo kihambani, na baba mdogo akaja amebeba mzigo wa masale. Kwetu anayeomba msamaha hushika jani la sale, basi nikapiga kelele, "Mama, anakuja kukuomba radhi!"

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Akayapanda masale yake karibu kabisa na jiko letu.

"Shemeji, mpaka wako ndio huu."

Kumbe mpaka nao hupandwa sale. Mama alipokufa tulimzika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua, maana kihambani hapakumtosha.