Mzee Maige Atafuta Nusu ya Kazi

Msimu wa pamba wa mwaka 1973, mji wa Shinyanga ulijaa watu waliokuwa wakitafuta kazi, na mmoja tu kati yao alikuwa akitafuta nusu ya kazi. Huyo alikuwa jirani yangu wa Ngokolo, Mzee Maige. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane katika mgodi wa dhahabu huko Geita, hadi mgodi ulipofungwa, naye akarudi na baiskeli, godoro na goti moja lisilokunjika.

Asubuhi aliweza kufanya kazi. Mchana hakuweza, kwa sababu mchana alikuwa mlezi. Binti yake, Justa, alikuwa amepata nafasi ya kujifunza uuguzi hospitalini, na masomo yake yalianza saa saba na nusu mchana hadi jua kuzama. Mama yake Justa alikuwa amefariki. Baba wa mtoto wa Justa alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na kila mwezi ilikuja barua yake, bila yeye na bila kazi. Mtoto mwenyewe, Limi, alikuwa na miezi minane. Kwa hiyo kila mchana Mzee Maige alimfunga mjukuu wake mgongoni kwa kanga, akatembea naye mtaani akichechemea, na kule kuchechemea ndiko kulikokuwa kunambembeleza mtoto.

Wanawake wa bombani hawakumwacha.

"Baba Justa, umejifungua lini?"

"Juzi," alijibu. "Na nyinyi hamjaniletea hata uji wa mzazi."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu, na nilipomwona mwanamume wa Kisukuma na ndevu zake nyeupe akibeba mtoto ili binti yake asome, niliona taifa tulilofundishwa chuoni likitembea kwa miguu. Yeye hakuona taifa lolote. Aliona mtoto amelowa.

Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, na shamba lake la Didia lilitoa mahindi ya kuonja tu. Jumapili moja Justa akasema kwamba, kama mwezi ungeisha baba yake hajapata kitu, angeacha masomo akauze mboga sokoni. Alisema kwa upole, huku akichambua mchicha, na ndiyo maana tulimwamini.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaamua kumsindikiza mzee kutafuta kazi. Kwenye ghala la nafaka walitaka wabeba magunia, na goti likajibu kabla yake. Katika ofisi moja karani alishangaa hadi akaweka kalamu chini.

"Nusu siku? Mzee wangu, ukilipwa nusu, utakula nusu?"

"Nitakula yote," Mzee Maige alisema. "Nitatafuna polepole tu."

Hatimaye tulifika kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Kulikuwa na banda ambamo watu walikaa mbele ya meza ndefu wakichagua pamba: safi huku, fifi kule, yaani ile yenye madoa na umanjano. Niliona mara moja kwamba hii ndiyo kazi yake. Kule mgodini alikuwa mchagua mawe. Mawe yalimpita mbele, akatoa lenye dalili ya dhahabu, akaacha la bure. Ilikuwa kazi ya macho na vidole, wala haikuhitaji goti.

Msimamizi wa banda aliitwa Donatus, Mngoni wa Songea, mtu mnene mwenye kofia ya pama asiyoivua hata kivulini. Alisema kiti kimoja kilikuwa wazi, ila ni cha siku nzima, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja. Tena kanuni ilikataza kumwajiri mtu aliyezidi miaka hamsini na tano.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Naitwa Maige."

"Nimekuuliza umri."

"Ndiyo nakujibu. Maige kwa Kisukuma ni nzige. Nimezaliwa mwaka wa nzige."

Kwetu majina mengi ni kalenda. Limi ni jua, maana alizaliwa mchana, na aliyezaliwa usiku huitwa Bujiku. Donatus alikaa Usukumani muda wa kutosha kulijua hilo. Akahesabu kwa vidole.

"Nzige walikuja mwaka thelathini na moja. Una arobaini na miwili?" Akazitazama zile ndevu. "Ni nzige hao, au walikuwapo wengine kabla yao?"

"Bwana mkubwa, nilikuwa mchanga. Sikuwaona wakipita, nitawajuaje?"

Waliokuwa mezani walicheka, na Donatus naye akatabasamu. Alisema tulete barua ya mtu anayemjua mzee, kisha tungezungumza habari za saa. Leo najua alikuwa ametufungulia mlango. Wakati ule nilidhani ameomba barua.

Nikaiandika mchana uleule, kurasa tatu. Nilieleza heshima ya kazi. Niliuliza taifa litakuwa la namna gani kama litamnyonya mtu jasho lake kisha kumtupa kama ganda la muwa. Nikamhoji mzee: alipoanza mgodini alikuwa na umri gani, alikuwa ameoa, alioa mwaka gani. Nikapiga hesabu, nikaandika kwa mkono wangu bora kabisa: Mzee Maige, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa.

Donatus aliisoma yote akiwa amesimama. Akaikunja taratibu.

"Mwalimu, umeandika vizuri sana," alisema. "Sasa hii inakwenda kwenye faili. Jana nilikuwa sijui. Leo najua, na meneja atajua kwamba najua."

Tulirudi tukikokota baiskeli. Nilikuwa nimeona haya hadi masikio yanawaka, kwa sababu siku nane tu zilibaki mwezi uishe, na aliyemfungia Justa masomo yake alikuwa mimi, kwa wino. Nikaanza kuomba radhi. Mzee Maige akanikatiza.

"Ulitaka kusema kweli, mwanangu. Kweli ni nzuri. Ila yule alikuwa hajaiuliza sana."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kunywa kahawa kwa Mzee Abdu, Mmanyema wa Ujiji, ambaye aliuza kahawa tangu alfajiri hadi watu walipoingia kazini. Baada ya hapo birika lake lilipoa, naye akabaki amekaa. Alikuwa na miaka sitini, na kumbe yeye naye alikuwa amekataliwa kiti kilekile kwa kanuni ileile. Mzee Maige akazungusha kikombe chake.

"Abdu, mchana huwa unafanya nini?"

"Nasubiri watu waone kiu."

"Basi leo njoo usubirie kwenye pamba."

Tulifika kiwandani saa saba na nusu, wakati wa mapumziko: wazee wawili, mimi, na Limi mgongoni kwa babu yake. Donatus alikuwa kwenye benchi akila ugali, na kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake, kwa sababu kofia alikuwa ameiweka pembeni. Mzee Maige hakumsalimu. Aliichukua ile kofia, akaikagua, akamvika Limi. Mtoto akazama ndani yake hadi mabegani.

"Mngoni," alisema kwa sauti ya kusikika banda zima, "babu zako walipita huku wakachukua ng'ombe wetu. Mimi nimeanza na kofia."

Nikashika kichwa. Nilidhani sasa tutafukuzwa na askari. Lakini banda zima lilipiga makofi, na Donatus alibaki na tonge mkononi, hawezi kulitia mdomoni wala kulirudisha. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho chuoni hatukufundishwa: Wangoni na Wasukuma ni watani. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unakikomboa.

"Haya, Msukuma mchafu," Donatus alisema mwishowe. "Unataka nini? Soda?"

"Kiti."

"Kiti kina kanuni. Na umri wako uko kwenye faili, mwalimu wako ameuandika kwa mwandiko wa kitabuni."

"Sijaukataa. Hamsini na tisa. Lakini mimi nitakaa nusu siku tu. Mwalimu, nusu ya hamsini na tisa ni ngapi?"

"Ishirini na tisa na nusu," nikasema.

"Na huyu Abdu ana sitini, atakaa nusu inayobaki. Nusu ya sitini?"

"Thelathini."

"Umesikia, Mngoni? Unaletewa vijana wawili na bado unanuna."

"Na nikiwajumlisha?"

"Hatukai pamoja. Utatujumlisha kwa nini?"

Mama mmoja mezani alicheka hadi akalaza kichwa kwenye pamba. Donatus akanawa mikono, akamwaga rundo mbele ya wazee wale.

"Mdomo mnao. Tuone vidole."

Mzee Maige alikaa, mtoto mgongoni, goti limenyooshwa chini ya meza. Vidole vyake vilikwenda kama vya mpiga marimba. Hakuinua pamba kuitazama. Aliigusa, ikaenda ilikotakiwa. Limi alishika donge la pamba safi akalitia mdomoni, na babu yake akalitoa bila kugeuka, akalirudisha upande wa fifi, kwa kuwa sasa lilikuwa limelowa. Abdu alikuwa mzito zaidi.

"Hiyo ni fifi, Mmanyema. Au kahawa imekupofua?"

"Nimeiona. Nilikuwa naihurumia."

Donatus alipekua marundo yote mawili, akatafuta kosa la mzee, akakosa. Akaondoka kichwa wazi kwenda kwa meneja, na tukabaki tukisubiri. Ule muda niliuona mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Aliporudi alisimama mbele yangu, si mbele yao.

"Barua yako, mwalimu, inamhusu mtu anayetaka kuajiriwa. Meneja anasema hapa hakuna anayeajiriwa. Hawa ni vibarua wa kutwa. Kibarua haandikwi umri, anaandikwa jina. Kwenye kiti hiki yataandikwa mawili. Saa sita wanapokezana."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba vibarua wa kutwa hawana haki yoyote na kwamba jambo hilo ni aibu kwa taifa linalojenga usawa. Bado naamini hivyo. Lakini Mzee Maige alinikanyaga mguu kwa ule mguu wake mzima, nikafunga mdomo, na Donatus akapewa kofia yake, imelowa kidogo ndani.

Jioni Justa aliporudi kutoka hospitalini, baba yake alimwambia akiwa anasonga ugali. Justa alikwenda uani, akatoa daftari zake kwenye mfuko aliokwisha kuufunga kamba, akaketi kusoma mifupa ya mkono, huku anajigusa kidole kimoja kimoja.

Mipango yao ilikwenda vizuri siku zote isipokuwa Ijumaa. Ijumaa Abdu alikwenda kuswali kwanza, akafika saa saba na nusu, na hadi hapo Mzee Maige hakuweza kuacha kiti. Justa naye hakuweza kuchelewa, maana mwalimu wao alifunga mlango. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kwenye lango la kiwanda kuona mambo yatakuwaje. Justa alifika mbio, gauni lake jeupe limepigwa pasi, mtoto kiunoni. Alichungulia bandani. Baba yake alikuwa katikati ya rundo, ameinua mikono yote miwili kumwonyesha kwamba imejaa.

"Nipe mimi," Donatus alisema.

Justa alimtazama yule mtu mnene, akatazama jua, akampa. Akaanza kukimbia kuelekea hospitalini, viatu mkononi. Msimamizi wa watu arobaini akabaki langoni na Limi begani, akimpigapiga mgongo taratibu, na madereva wa malori ya pamba walipopiga honi wapishwe aliwaashiria wanyamaze, mtoto anasinzia. Wakanyamaza. Foleni ilifika hadi barabarani. Justa alifika darasani kabla mlango haujafungwa.