Nyota Nyekundu ya Jumatano Saa Tisa

Hii ilinitokea likizo ndefu iliyopita. Nimekaa nayo kifuani vya kutosha, leo naitua.

Nilikuwa natafuta kalamu. Nikafungua daftari la binti yangu wa miaka tisa, nikakuta ratiba ya nyumba nzima.

"Baba. Anatoka saa 12:40 asubuhi. Anafunga mara mbili. Anarudi nimeshalala."

"Kinyozi. Anatoka saa 2. Ufunguo anamwachia mama mwenye nyumba."

"Fundi cherehani. Jumatatu hayupo kabisa."

Kurasa kumi na moja za namna hiyo. Wapangaji wote sita na mwenye nyumba wetu, wiki tatu mfululizo, kwa mwandiko wa mtoto wangu mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nyota kubwa nyekundu. Jumatano, saa 9 alasiri. Chini yake kumeandikwa: "Mama Miwani amesema hii ndiyo saa yetu."

Nikakaa kitandani.

Niwaeleze kidogo mnielewe. Mimi ni fundi wa kufuli. Miaka kumi na tano naitwa kwenye nyumba zilizovunjwa, nafika wenyewe bado wanalia. Ukikaa sana kwenye kazi hii huoni mlango, unaona namna ya kuuvunja. Mtu akinisifia shati, najiuliza anataka nini.

Sasa Mama Miwani. Mama mtu mzima, kahamia chumba cha mwisho na mabegi mawili na boksi la vitabu. Alisema ni mwalimu mstaafu. Nani alithibitisha? Hakuna.

Shule zilipofungwa tu, akaanza kuwakusanya watoto uani kila siku. Wanapima kivuli cha nguzo ya kuanikia nguo, wanapanga vifungo kwa maumbo, wanacheza duka la maharage. Bure.

Bure! Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa.

Binti yangu, ambaye ukimtajia hesabu ananuna, siku moja alipima kitanda changu kwa kamba akaniambia mguu mmoja ni mfupi. Na kweli ulikuwa mfupi. Mke wangu alikuwa kwao akimuuguza mama yake, mimi niko kazini tangu alfajiri, kwa hiyo yule mama alinipunguzia mzigo. Nilimshukuru kimoyomoyo na kumshuku kimoyomoyo.

Nilipoliona daftari lile, shukrani ikaisha.

Nikampigia mke wangu simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemuuliza mtoto mwenyewe. Nikamwambia nitamuuliza. Sikumuuliza. Nilijua akishtuka atamwambia bibi yule, na bibi yule atabadilisha siku.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Akafunua kurasa mbili, akasema watoto huandika kila kitu, mwache mama wa watu apumzike.

Nikaona nisipoongeza chumvi sitasikilizwa.

Nikamwambia nimekagua makufuli ya nyumba nzima. Manne yana mikwaruzo kwenye tundu la ufunguo. Kuna mtu anayajaribu.

Hapa niseme ukweli. Kufuli lolote lililotumika mwaka mmoja lina mikwaruzo. Ni wenyewe hao hao, asubuhi wana haraka, jioni wamechoka, ufunguo unagonga pembeni. Hilo nalijua kuliko namba yangu ya simu.

Lakini fundi ameshatamka. Uso wa mama mwenye nyumba ukabadilika. Akasema Jumatano tutashuhudia kwa macho yetu, na mabegi ya yule mama yatatoka siku hiyo hiyo. Kama ana pa kwenda au hana, sikujiuliza.

Jumatano asubuhi, mama mwenye nyumba akiwa ameshawaambia wapangaji wengine, tuliaga wote kama kawaida. Saa nane tukarudi mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Kinyozi akajibanza nyuma ya tangi la maji. Fundi cherehani akasimama nyuma ya mlango wake na mchi. Wengine wakajifungia vyumbani, mama mwenye nyumba akachungulia dirishani. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa, spana mkononi, jasho linanitiririka.

Saa tisa kasoro dakika chache, Mama Miwani akatoka. Hakuwa na nyundo wala begi. Amebeba benchi.

Watoto wakamfuata na viti. Wakavipanga vikiangalia ukuta, kisha wakaleta boksi kubwa lililokunjuliwa, limefunikwa kitambaa. Mama Miwani akaviangalia vile viti vitupu, akawaambia watoto kwamba hata wakija wawili, wataonyesha.

Kabla sijaelewa maana yake, kinyozi akapiga ndoo teke, na kila mtu akadhani ndiyo ishara. Milango ikafunguka. Nikaruka na spana yangu.

Binti yangu akageuka. Uso wake ukafunguka wote.

"Baba, umekuja," akasema. Akaangalia huku na huku. "Wamekuja wote."

Nikaishusha spana nyuma ya mgongo.

Akanishika mkono kunipeleka kwenye boksi. Lilikuwa limebandikwa vizibo vya soda kwa mistari, mstari kwa kila mkubwa, kizibo kwa kila mara aliyoonekana nyumbani mchana. Akanieleza haraka haraka. Kila mtoto aliambiwa achague jambo asilolijua, achunguze, aandike. Mtoto wa kinyozi alichunguza rangi ya nguo zinazoanikwa. Yeye alitaka kujua ni saa ngapi wakubwa wote wanakuwa nyumbani, ili wawaalike kwenye maonyesho.

Kwa wiki tatu saa hiyo hakuiona. Jumatano saa tisa ndiyo iliyokuwa bora, wakubwa wanne kati ya saba. Mtu mmoja alikosa kizibo hata kimoja kwenye mstari wake, na alikuwa mimi.

Watu wakapiga makofi ya aibu. Mchi umewekwa chini, hakuna anayetaka kumwangalia mwenzake.

Mama mwenye nyumba hakukaa. Alimsogelea Mama Miwani, akamwambia haya ni mazuri, lakini mikwaruzo kwenye makufuli haikuandikwa na watoto, na yeye kesho anataka chumba chake. Kisha akanigeukia.

"Fundi, si uliiona mwenyewe?"

Mama Miwani alivua miwani akaanza kuifuta.

Binti yangu alikuwa ameshika kizibo kimoja, amekipaka gundi tayari. Kilikuwa changu. Nikinyamaza, nabaki kuwa baba aliyekuja. Yule mama anafungasha.

"Nilidanganya," nikasema. "Ile mikwaruzo ni ya funguo zetu wenyewe. Na sikuja kuangalia maonyesho. Nilijificha nimkamate."

Mama mwenye nyumba akanifyonya kwa muda mrefu, akamwambia Mama Miwani chumba ni chake, na kwamba anayestahili kufungasha anamjua.

Binti yangu hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Aliangalia kizibo, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo nikuhesabu ulikuwepo, au hukuwepo?"

Nikamtazama Mama Miwani aniokoe. Akavaa miwani yake, akamwambia mtoto, "Uchunguzi ni wako. Andika ulichokiona."

Mtoto akafikiri kidogo. Akakitia kizibo mfukoni.

Wewe mwenye mtoto likizo hii, kabla hujamshuku anayekaa naye mchana kutwa, jiulize kwanza kwa nini si wewe. Na ukiokota daftari lake, mwite akusomee mwenyewe.

Boksi lile liko ukutani kwetu mpaka leo. Siku hizi kila Jumatano nafunga kibanda changu cha kazi saa nane nirudi nyumbani, wateja wanalalamika, na mwanangu bado hajaniambia kama ananihesabu.