Uwatu wa Wifi

Kinsi binti Waberi hakumtunza wifi yake kwa mapenzi. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, na nasema hivi kwa sababu siku hizi wapo wanaomtaja kama mfano wa huruma. Huruma gani? Kinsi alikuwa na kisasi, na kisasi chake kilimtaka mgonjwa awe hai.

Zamani aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, yaliyokuja kwa lori kutoka Balambala. Yalikuwa mazito, watu wakiyasubiri. Asubuhi moja mtoto wake alishikwa na homa, akamkimbiza hospitali, dumu akamwachia Rukiyo, dada mkubwa wa mumewe. Rukiyo akauza nusu, pesa akatia kibindoni, dumu akalijaza maji. Hinda mwenye hoteli alipopika chai akaona rangi yake, akaja juu. Rukiyo akatangaza mbele ya soko zima kwamba ndivyo Kinsi afanyavyo kila siku.

Nani angembishia mama mtu mzima mwenye tasbihi mkononi? Wateja wakamkimbia Kinsi. Wafugaji wa Balambala nao wakaacha kumpa maziwa, wasije wakachafuliwa jina. Akaishia kuuza kuni, na wanawe wakaitwa watoto wa maji. Hilo la watoto ndilo lililomkaa rohoni.

Mwaka uliofuata mvua za El Niño, Rukiyo akashikwa na kisukari. Daktari alimpa vidonge na kumkataza sukari, naye alikuwa mtu wa chai tamu mpaka midomo inanata. Hakusikia. Akakonda, akawa wa kulala tu nyumbani kwa Kinsi, na majirani wakaanza kuja kumsamehe angali anapumua.

Kinsi akashtuka. Kwetu mtu akifa, msibani mnaombwa mumsamehe, nanyi mnasamehe. Hakuna anayethubutu kukataa.

"Akifa leo amenikimbia," aliniambia. "Hafi, wallahi. Simruhusu. Wanawe wamemwahidi hija, na mwenye kwenda hija lazima kwanza aombe radhi kwa aliowakosea. Atakuja kwangu."

Akanunua uwatu kwa Nuh muuza viungo. Kila jioni aliloweka kijiko kimoja. Asubuhi mbegu zimevimba na kufanya utelezi, akazikoroga kwenye maziwa lala, akasimama mlangoni hadi bakuli liishe. Kopo la sukari akalifungia sandukuni. Wali ukapungua, kunde zikaongezeka, na vidonge vikamezwa mbele ya macho yake.

"Abaayo, dada yangu, hii ni chungu," Rukiyo alilalamika.

"Kunywa."

"Unataka kuniua?"

"Ningetaka kukuua ningekupa sukari."

Mimi niliyesikia nilicheka mpaka nikaona haya. Rukiyo akanywa. Polepole nguvu zikamrudia, mashavu yakajaa, akaanza kwenda mwenyewe sokoni, na wanawe wakatimiza ahadi ya hija.

Siku ya kuaga, ua ulijaa watu. Rukiyo akasema kama wasemavyo wote wanaosafiri, "Niliyemkosea anisamehe."

"Tumekusamehe," wakaitikia.

"Mimi bado," Kinsi akasema. "Taja kosa."

Rage, mumewe, akamvuta shuka. Hakugeuka. Rukiyo akaangalia mkeka, akaangalia mlango, na hakuna aliyemsaidia. Kwenda Makka na haki ya mtu shingoni hakuthubutu.

"Yale maji niliyatia mimi," akasema hatimaye. "Kinsi hakuwahi kutia."

Hinda alikuwa amekaa palepale. Aliinamisha kichwa, na wallahi nilifurahi kumwona akiinamisha.

Nikadhani yamekwisha. Kinsi akaingia ndani, akarudi na mfuko wa uwatu, akamwekea wifi yake mapajani.

"Loweka kila jioni, abaayo. Usiruke hata siku moja. Nataka urudi mzima."

Rukiyo akafuta machozi. "Basi umenisamehe?"

"Ukirudi," Kinsi akasema, "nitakupeleka Balambala. Huko nako hawajasikia."