Fundi wa Kibarazani Kasingirima

Fundi cherehani aliyepanga kibaraza cha Mwanne alikuwa na vidole visivyojua kutulia. Hata akizungumza, vilipapasa upindo wa kanga kana kwamba vinatafuta mahali palipofumuka. Tangu avuke kutoka Burundi na mtoto mgongoni, alisema kwa sauti ya chini mno, na Mwanne alizoea kumsogelea ndipo amsikie.

Siku ya mkutano wa barabara, watu waligawanyika. Wengine walitaka ipanuliwe katikati ya mji, malori yafike bandarini Kibirizi upesi. Wengine walitaka izungushwe nje, nyumba zisalimike. Mwenyekiti alipouliza nani bado ana neno, fundi akainua mkono. "Simama, mwenzangu, useme," Mwanne akamnong'oneza. Mkono ule ukashuka, ukajifanya unaweka sawa kilemba. "Bi Mwanne, nikifungua kinywa watasikia Kirundi kwanza. Wataniuliza kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi, hawataniuliza kibaraza." Mwanne angeweza kusimama yeye, maana kibaraza kilikuwa chake na mtaa huo wa Kasingirima ndiko alikozaliwa. Lakini aliona haya mbele ya wanaume wale wote, akabaki ameketi, na barabara ikapitishwa katikati. Asubuhi ya kubomolewa kibaraza, fundi alijitwika cherehani kichwani kurudi kambini. Alipofika mlangoni kwa Mwanne akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana kwa kibaraza chako, Bi Mwanne," alisema, na safari hii kila neno lilisikika.