Siku Ndoano Yangu Ilipomnasa Baba Mkwe

Jamani, aibu hii sijawahi kumsimulia mtu kazini, na hata sasa nikiikumbuka najifunika uso nikiwa peke yangu. Kuna mgeni wa hoteli ninayofanyia kazi huku Ilemela aliniachia fimbo yake ya kuvulia, ile ndefu nyembamba ambayo ndoano yake imevishwa manyoya ifanane na mdudu, na uzi wake unaupunga nyuma, mbele, nyuma, mbele, ndipo unautupa majini (alinifundisha jioni chache tu, nikajiona bingwa). Basi nilipopanda meli kwenda kisiwani Nansio kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Editha, nikaibeba.

Asubuhi baba yake, Mzee Magesa, ambaye tangu nifike alikuwa amenijibu "marahaba" na basi, akakubali kuja ziwani kuona. Upepo ulikuwa unavuma vibaya. Editha akasema, "Acha, utarusha kesho." Nikamjibu, "Mara moja tu, baba aone." Hiyo mara moja tu ndiyo iliyoniponza.

Editha akabaki ufukweni, mimi na mzee tukaingia kwenye maji ya magotini, nikapunga uzi nyuma, upepo ukaubeba pembeni, nikahisi umenasa, nikadhani ni matete, nikavuta (Mungu anisamehe, nilivuta kwa nguvu), nikasikia, "Aaah!" Kugeuka, ndoano imezama kwenye nyusi ya mzee, juu kidogo tu ya jicho, na damu inamshuka.

Nikatupa fimbo nimkimbilie, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana upepo uliuzoa uzi wote ukaupeleka kwenye maji marefu, na kutoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, mtumbwi wa injini ulikuwa unaufuata uzi huo moja kwa moja. Nikapunga mikono, nikapiga kelele, wapi, nahodha hasikii. Pangaboi la injini likiusokota ule uzi, jicho la mzee linakwenda nao. Kisu sina. Editha analia, "Ukate! Ukate!"

"Baba, samahani," nikasema, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikaweka meno yangu pale usoni pake, maana uzi ule ni mwembamba karibu na ndoano tu (mkwe! mtu ambaye hata kumsalimia nilikuwa nasalimia kwa mbali nimeinama), nikautafuna uzi, na yeye kasimama kama nguzo, pumzi yake inanipiga shingoni. Haukatiki. Mtumbwi unakaribia. Nikang'ata tena kwa jino la pembeni, ukakatika, na papo hapo uzi ukavutwa ukatoweka, fimbo nayo ikaruka ikaufuata.

Nikainua macho. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wamesimama wote wanatutazama, na mmoja akauliza kwa sauti, "We Editha, huyo mgeni wako anamla baba yako?"

Zahanati walitoa ndoano, wakashona. Tulirudi, njia nzima mimi nikipanga maneno ya kuuaga uchumba, na mlangoni mzee akasimama, plasta usoni, akaniangalia kwa jicho lile lililonusurika.

"Kijana," akasema, "ukitaka samaki, sema. Tutakwenda sokoni."

Mahari walipokea, tumeoana, lakini nikishuka melini kule mpaka leo naitwa Mla Mkwe, na naitika. Fimbo ya kuvulia sishiki tena maishani mwangu, na kukiwa na upepo, hata shuka la kuanika silikung'uti kabla sijageuka kuona nani amesimama nyuma yangu.