Bi Spana na Gurudumu la Moto

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Bi Spana tangu siku alipomtimua muuza vipuri bandia mpaka njia panda, spana mkononi, na yeye jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Ukimwita kwa lile la kuzaliwa, alikutazama kama unamtafuta mtu mwingine.

Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya jengo la maduka: shimo moja la kukagulia magari lenye ngazi za zege, benchi la mbao lililochakaa, kabati la chuma, na ukuta uliojaa spana zilizopangwa kwa ukubwa. Mteja aliyethubutu kuchomoa moja kujikunia mgongo alisindikizwa nje kwa maneno matamu yenye miiba. Ndani ya uzio ule kulikuwa na majirani wa kazi: mchomeleaji, mwanamume wa mwili wa haja aliyecheka zaidi ya alivyochomelea; mshona viti vya magari, mwembamba kama uzi wake; na mama mmoja muuza mayai ambaye kila habari ya mtaa ilipita kwake kwanza ili ipate chumvi.

Bi Spana alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki mapema, na dada huyo ndiye aliyemwogesha, akamchapa, akamsomesha kwa cherehani. Alitaka naye awe mshonaji. Ole wake! Siku cherehani ilipoanza kuruka uzi, mdogo mtu aliifungua yote sakafuni, skrubu moja moja, akaifunga tena, ikashona vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Dada hakufurahi. Aliona pale pale kwamba mtoto huyu hatakaa kwenye kitambaa. Na kweli, alipomaliza shule alihamia kwa mjomba wao aliyekuwa fundi magari, akajifunga kibwebwe, akaanza kwa kuosha nati kwenye petroli.

"Mwanamke chini ya gari!" dada alimfokea. "Watu watasema nilishindwa kukulea."

Miaka ikaenda. Mjomba akazeeka, akamwachia shimo na spana. Magari yalikuja kutoka mbali, maana habari ya fundi asiyebahatisha haihitaji tarumbeta. Lakini dada mtu, akiulizwa mdogo wake anafanya kazi gani, alijibu kwa uso mkavu, "Ana duka la vipuri." Bi Spana alikuwa ameyasikia hayo kwa masikio yake, siku ya msiba wa jirani, na yalimuuma kuliko kidole kilichobanwa na jeki. Dada ni mama, na mama hajibiwi. Ila alijua pia kwamba gari la dada lilikuwa likitengenezwa na kila fundi wa mji ule isipokuwa yeye.

Gari lenyewe lilikuwa ndiyo maisha ya dada sasa. Macho yalipochoka na sindano, alinunua gari lenye mistari mitatu ya viti, akawa anapeleka watoto shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana. Wazazi walimwamini. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kumsahau mtoto wa mtu.

Basi asubuhi moja, Bi Spana akiwa ameinamia injini ya watu, alisikia mlio wa gari analolijua ingawa halikuwahi kukanyaga uani pale. Lilitangulia kunuka kabla ya kusimama: harufu kali ya breki iliyoungua. Dada akashuka, gauni lake la rangi ya maziwa limepigwa pasi mpaka kwenye mishono, uso umefungwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akatazama ukuta wa spana, akatazama shimo, akatazama pembeni. "Linawaka moto nyuma. Leo limetoa moshi watoto wakiwa ndani. Mmoja kalia njia nzima. Mwalimu mkuu kaniambia wazazi watanisubiri getini saa ya kutoka, nikija na gari linalonuka tena, watoto wanapewa dereva mwingine."

"Umeshalipeleka wapi?"

"Wapi sijalipeleka?" Sauti ikapanda, kisha ikashuka. "Wamebadilisha pedi. Wamebadilisha pedi tena. Mmoja kaniambia breki ya mkono inaganda usiku, nisiivute, niweke jiwe nyuma ya tairi. Naweka jiwe. Nimekuwa mbeba mawe uzeeni."

Bi Spana alitamani kucheka, akameza. Alichota maji kwa vidole akayadondosha kwenye ringi ya nyuma kushoto. Kimya. Akadondosha ya kulia: chaa! Yakaruka kama kwenye kikaango. Walau mgonjwa alikuwa amejitaja. Akapiga jeki, akazungusha gurudumu la kulia kwa mkono.

Likazunguka bila kinyongo.

Akamwomba dada akanyage breki na kuachia. Likashika, likaachia. Akalivua, akaona pedi zimeliwa hadi karibu na chuma na diski imegeuka rangi ya bluu kwa joto, lakini kalipa, ule mkono wa chuma unaozibana pedi, ilikuwa inateleza vizuri kwenye pini zake. Pistoni ilirudi ndani aliposukuma. Akavuta breki ya mkono, akaiachia. Ikaachia. Kila alichoshika kilikuwa kizima, na gurudumu lilikuwa limetoka kuungua mbele ya macho yake.

"Hata wewe?" dada akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Aliuliza kama mtu aliyekuwa na tumaini moja la akiba na sasa anaona nalo linaondoka.

Bi Spana akaketi juu ya tairi, akafuta mikono polepole. Mjomba alikuwa na desturi yake: fundi akikwama, aweke spana chini amhoji mwenye gari kama daktari anavyomhoji mgonjwa, na asiulize kuhusu gari, aulize kuhusu safari. Wateja wengi walidhani mzee anapiga soga.

"Dada, linapata moto kila saa?"

"Asubuhi tu. Mchana hapana. Ndiyo maana wakasema ni baridi ya usiku."

"Asubuhi unabeba akina nani?"

"Wote. Limejaa, mabegi mpaka miguuni."

"Na mchana?"

"Wadogo tu. Wakubwa wanabaki michezoni, wanarudi kwa miguu."

"Na mafundi wale, walilijaribu na nani ndani?"

Dada akafikiri. "Walikwenda peke yao. Fundi na usukani."

Bi Spana akasimama. Ile furaha ya kazi, anayoijua mtu aliyewahi kuwinda kitu kidogo kilichojificha mahali pakubwa, ikamwingia mpaka kwenye ncha za vidole.

"Hizi springi za nyuma, umezibadilisha lini?"

"Likizo iliyopita, lilikuwa linakaa chini. Umejuaje?"

"Zinang'aa. Na moto ukaanza baada ya hapo?"

Dada alikuwa anahesabu kimoyomoyo, na uso wake ulikuwa umeshajibu.

Gurudumu likarudishwa, gari likasogezwa juu ya shimo. Kisha Bi Spana akapiga kelele iliyosimamisha kazi uani kote: "Jamani! Nahitaji watoto wa shule!"

Wakaja. Mchomeleaji aliingia mstari wa mwisho huku gari likilalamika. Mshona viti akajibana kwenye nafasi iliyobaki, ambayo ilikuwa haba. Muuza mayai akaweka trei yake mahali pa usalama, akapanda akiuliza kama kuna kupewa uji. Kwa kujali kazi, Bi Spana aliongeza na gunia la vyuma chakavu kwa niaba ya mabegi.

"Mwalimu, huyu ananibana!" mchomeleaji akalia kwa sauti ya kitoto.

"Kaeni kimya au nawarudisha kwa mama zenu," Bi Spana akajibu kutoka shimoni, tochi mkononi.

Akaitazama kalipa ya kulia. Nyuma yake kuna mkono mdogo unaovutwa na kebo ya breki ya mkono. Ukitulia, unaegemea kizuizi chake. Sasa haukuegemea. Ulikuwa umejitenga nacho kwa unene wa ukucha, na hakuna aliyegusa breki ya mkono.

"Shukeni wote!"

Gari likainuka. Mkono mdogo ukarudi polepole, ukaegemea.

"Pandeni tena!"

"Fundi, umri huu wa kupanda na kushuka!" muuza mayai akanung'unika, lakini alipanda, maana habari hii hangekubali kuipata kwa mtu mwingine.

Mkono ukajitenga tena. Bi Spana akaifuata kebo kwa mwanga wa tochi, na akaiona. Aliyebadilisha springi alikuwa ameitoa kwenye kibanio chake ili apate nafasi ya kufanyia kazi, kisha wakati wa kurudisha akaipitisha juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, badala ya chini, na kibanio akakiacha kitupu. Gari likiwa tupu, kebo ililala raha mustarehe. Likijaa, bodi ilishuka, ikaibana dhidi ya ekseli na kuivuta. Yaani kila mtoto aliyepanda alikuwa anavuta breki ya mkono kwa uzito wa mwili wake, bila kujua, na dada wa watu akikanyaga mafuta kupanda kilima huku gurudumu moja limefungwa.

"Dada!" akaita. "Nimekipata kijini chenyewe."

Akangoja apigiwe kelele ya "ni nini?" kutoka juu. Badala yake akasikia viatu kwenye ngazi za zege. Dada alikuwa anashuka shimoni, mkono mmoja umeshika gauni, mwingine ukipapasa ukuta mweusi kwa oili ya miaka.

"Dada, utachafuka!"

"Nimekuja kuona. Nionyeshe."

Walisimama bega kwa bega chini ya gari, kama walivyokuwa wakisimama zamani kwenye jiko la mama yao, na Bi Spana akamwonyesha mkono ule mdogo. Watu wa juu wakashuka, wakapanda, wakashuka. Dada alitazama ukijitenga na kurudi, kujitenga na kurudi. Aliomba waendelee kupanda na kushuka hata alipokwisha kuelewa.

"Mafundi wote wale," akasema mwishowe, "na hakuna aliyekumbuka kwamba gari la shule hubeba watoto."

Bi Spana akanyoosha mkono kuchukua spana.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu. Kebo ilikuwa imekunjika pale ilipobanwa, akaweka mpya, akaipitisha chini inakopaswa kupita, akaifungia kwenye kibanio chake. Pedi mpya, pande zote mbili, maana breki hazibadilishwi upande mmoja kama viatu vya kuazima. Diski iliyoungua akaitupa, na ya upande wa pili pia, akafunga jozi mpya. Mafuta ya breki yaliyochemka kwa joto akayamwaga, akajaza mapya, akatoa hewa mpaka kanyagio likawa gumu chini ya mguu. Dada alikaa kwenye kigoda akimtazama. Hakutazama saa hata mara moja.

Kisha wakapakia "wanafunzi" wale wale na gunia la vyuma, dada akashika usukani, wakapanda kilima kirefu kuliko vyote vya mji ule na kushuka, kupanda na kushuka, mchomeleaji akiimba nyimbo za darasa la kwanza. Walipotua uani, Bi Spana akachota maji, akayadondosha kwenye gurudumu la kulia.

Yakateremka taratibu, yakaanguka chini. Hayakutoa hata mvuke.

Muuza mayai akapiga vigelegele, mshona viti akapiga makofi. Bi Spana alisimama na mikono yake miwili kiunoni, kichwa juu. Alijivuna, na hakujificha. Kuna kazi mtu akiifanya ana haki ya kujivuna mpaka jioni.

Saa ya kutoka shule ilikuwa imekaribia. Aliona bega la gauni la dada limepakwa oili nyeusi, na mstari mwingine umepita shavuni mpaka karibu na sikio. Akakimbilia kitambaa safi na sabuni.

"Simama nikufute, dada. Wazazi wanakungoja."

Dada akausukuma mkono wake. "Acha."

"Watakuuliza."

"Waulize. Panda, twende."

"Mimi? Na ovaroli hili?"

"Nimesema panda."

Bi Spana akapanda mbele, kama alivyo.

Getini wazazi walikuwa wamekusanyika, mwalimu mkuu mbele yao. Mama mmoja alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili, kama gari lile lingemnyakua. Baba mwingine, mrefu, akalizunguka gari akinusanusa, akainama, akaweka kiganja kwenye ringi ya nyuma kulia. Akakiacha pale. Akaweka na cha pili.

"Limepoa," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia dada, akaona bega, akaona shavu. "Mama, safari hii umempata fundi gani? Maana hao wengine walikuwa wanakula pesa yako tu."

Dada akashuka. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akamshika mdogo wake mkono uliojaa masizi, akamshusha mbele ya wote.

"Huyu hapa," akasema. "Tumenyonya ziwa moja."

Yule mama akamwachia mwanawe, na mtoto akakimbia kupanda garini.